Mtu wa Mwisho kwenye Kamba

Sogeeni mbele, jamani. Kila siku nasema sogeeni mbele, na kila siku kule nyuma kunajaa na hapa mbele pako wazi. Na wewe ndugu yangu uliyeegemea nguzo, kaa wima kidogo. Najua umefunga. Sote humu ndani tumefunga, na hilo ndilo nataka tulizungumze alasiri ya leo, kwa sababu nimechoka nalo.

Leo ni siku ya kumi na mbili ya mwezi mtukufu, na neno nililolisikia kuliko yote tangu mwezi uandame si dhikri wala si dua. Ni "nimefunga". Nimekwenda kwa fundi viatu, kiatu hakijaguswa, nimefunga sheikh. Nimekwenda dirishani kulipia maji, karani ananielekeza kwa kidevu kwa sababu mkono wake nao umefunga. Juzi watu wawili wametwangana ngumi hapo nje wakigombea pa kuegesha pikipiki, nami nilipotoka kuwaamua kila mmoja akaniambia, sheikh niache na huyu, nimefunga. Sasa mimi nawauliza, kama saumu ndiyo inayotufanya hivi, si afadhali majirani zetu watuombee mwezi uishe haraka?

Basi nitawapigia mfano. Ni mfano tu, nimeutunga mwenyewe. Msitoke hapa mkaanza kuulizana ni kiwanda gani na ni mtu gani, maana nawajua.

Kulikuwa na kocha mmoja wa timu ya kuvuta kamba. Naam, kuvuta kamba, msicheke. Ni mchezo wa watu wazima, na kwenye mashindano ya wafanyakazi wa viwandani hakuna mchezo unaojaza watu uwanjani kama huo. Watu wanane upande huu, wanane upande ule, kamba katikati na kitambaa chekundu kimefungwa juu yake. Mkiburuta kitambaa kikavuka mstari wenu, mmeshinda mvuto mmoja. Mivuto ni mitatu. Anayeshinda miwili ndiye bingwa.

Kocha huyu alikuwa mkuu wa zamu kwenye kiwanda cha magunia. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mwaka uleule alikuwa anastaafu. Timu ile aliilea miaka kumi na mitatu. Aliifikisha fainali mara tatu, na mara tatu ikaburutwa mbele ya macho yake. Mtu mzima ana vitu vichache anavyovitaka kwa dhati, na yeye, baada ya watoto kusoma na nyumba kuezekwa, alikuwa amebakiwa na kimoja. Alitaka kushinda fainali ile mara moja kabla hajarudisha ufunguo wa stoo ya michezo. Mwaka huo wakaingia fainali tena. Hakukuwa na mwaka mwingine baada ya huo.

Sasa, kocha alikuwa Mwislamu, na katika wavutaji wake wanane sita walikuwa Waislamu na wawili Wakristo. Ramadhani kumi na tatu aliwafundisha watu waliofunga, na alikuwa ameona kwa macho yake kile saumu inachoufanya mwili wa mwanamichezo. Wiki ya kwanza miguu mizito na vichwa vinagonga, hasa kwa wale waliozoea kahawa. Wiki ya pili mwili unazoea. Asubuhi, mtu aliyekula daku vizuri anavuta kama siku zote. Adhuhuri nguvu bado zipo lakini pumzi imefupika. Alasiri ukimwambia avute kwa nguvu zake zote mara tatu mfululizo, mikono inaanza kutetemeka. Na kinachomwangusha si njaa hata kidogo, ni kiu. Kocha alilijua hilo bila kusomea popote.

Kwa hiyo alipanga. Mazoezi aliyasogeza yakawa saa moja kabla ya magharibi, ili mtu akimaliza kutoa jasho asikae sana kabla ya kupata maji. Lile pipa la mchanga walilozoea kulipandisha kwa kamba iliyopitishwa juu ya mhimili alilipunguza mchanga nusu. Akawaambia kunyweni maji kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, msiyamwage tumboni kwa mkupuo mmoja kama mnajaza tangi. Laleni mapema. Msile sambusa kumi halafu mkaja kunitapikia kwenye kamba. Wengi walimsikia, na wengi walifika Idi wakiwa na nguvu zao zote.

Tatizo lilikuwa mtu wa mwisho kwenye kamba.

Niwaeleze. Katika mchezo huu mtu wa mwisho ndiye nguzo ya timu. Kamba anaipitisha kwapani, inazunguka mgongo na kutokea begani, yeye anaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na wenzake saba wanamtegemea. Mtu wa mwisho wa kocha huyu alikuwa na kilo mia na kumi na mgongo kama mlango wa ghala. Akiegemea nyuma, alikuwa mgumu kuhamishwa. Ila alikuwa na mdomo.

Ramadhani ikiingia, huyu bwana alikuwa anafika mazoezini amechelewa, taulo shingoni, anaketi juu ya kamba.

"Kocha, leo nipunguzie. Nimefunga."

"Umefunga wewe na nani?" anamuuliza yule anayesimama mbele yake, mfupi mmoja mwenye viganja vigumu. "Hapa sote tumefunga isipokuwa wawili, na hao hatujawahi kuwaona hata wakimeza maji mbele yetu."

"Kila mtu na saumu yake bwana. Mimi mwili wangu mkubwa, na saumu yangu kubwa."

Kocha alimeza mate, kwa kuwa mate hayavunji saumu, akapiga filimbi mazoezi yaanze.

Ilikuwa hivyo kila siku. Akikosea hatua, amefunga. Akimkanyaga mwenzake, amefunga. Akiulizwa kwa nini jana hakuja, anatazama juu, anashusha pumzi na kusema ninyi hamjui mtu anapitia nini. Alisali mbele kabisa, na mazoezi yakiisha alihakikisha kila anayepita getini anajua kwamba mvutaji huyu amevuta bila tone la maji. Kocha alikuwa anatamani kumwambia, mbona mimi nimefunga tangu sijaota ndevu na mke wangu tu ndiye anayejua? Hakumwambia. Alikuwa anamhitaji, na hiyo ndiyo taabu ya kuwa na mtu mwenye nguvu asiye na adabu.

Ikaja barua ya ratiba. Fainali ni siku ya kumi na nane ya Ramadhani, saa saba mchana, katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari. Kocha akaomba wachezeshwe asubuhi. Wakamjibu ratiba imeshapangwa. Akaomba baada ya magharibi. Wakamjibu uwanja hauna taa.

Kocha akaenda kwa imamu wa msikiti wake.

"Imamu, vijana wangu wanasafiri kutwa nzima, wanalala huko, kesho yake wanavuta jua la saa saba. Nifanye nini?"

"Ni safari kweli, au mmetafuta safari ili mle?"

"Ni safari kweli. Na mimi sitaki kula, imamu. Tangu nibalehe nimekosa siku chache sana, na zote za ugonjwa."

"Sikuulizi unataka nini," imamu akasema. "Aliyetuamuru kufunga ndiye huyohuyo aliyempa msafiri ruhusa ya kula, na siku yake ataifunga baadaye. Akiweza kufunga bila kujidhuru wala kudhuru mtu, afunge. Asiyeweza, ale. Ruhusa hiyo haikutolewa kwa bahati mbaya."

Kocha akarudi, akawakusanya watu wake kwenye stoo ya michezo, akawaambia maneno ya wazi kabisa. "Anayetaka kula siku ile atakula, na asisemwe na mtu. Anayetaka kufunga atafunga, nami nitamheshimu, lakini atapumzika. Nafasi yake itashikwa na mtu wa akiba. Kamba ni ya watu wanane. Mmoja akilegea, saba wanaburutwa."

Mtu wa akiba alikuwa fundi wa mashine za kusokota, Mkristo, mpole, si mzito kama yule lakini ana miguu. Aliinua uso akasikiliza.

"Mimi nitafunga," akasema mtu wa mwisho.

"Vizuri. Mungu akutakabalie. Basi mtu wa akiba..."

"Na nitavuta."

"Nimesema anayefunga atapumzika."

"Kocha, unataka kunitoa kwenye timu kwa sababu nimefunga? Sema tu, watu wasikie. Wewe, Mwislamu mwenzangu, unamtoa mtu kwa sababu ya saumu?"

Wote wakamgeukia kocha. Na hapa, ndugu zangu, kocha akakosea. Alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa, sikutoi kwa sababu ya saumu, nakutoa kwa sababu nyuma yako hakuna mtu na mbele yako wako saba. Lakini aliogopa maneno ya watu. Alishaisikia kesho yake yote kichwani mwake, kiwandani na msikitini, kocha kamzuia mtu ibada ili apate kikombe. Akasema, "Haya. Utavuta." Yule fundi wa kusokota akainamisha uso. Kocha alijua amekosea kabla hajafunga mlango wa stoo, na njia nzima kurudi nyumbani alijigombeza kwa sauti mpaka jirani akamsalimia mara mbili.

Wakasafiri, wakafika jioni wamechoka, waliofunga wakafuturu, wakalala. Kulipokucha, mezani kwenye nyumba ya wageni palikuwa na chai, maharage, chapati na mayai. Wavutaji watano wa Kiislamu walikuwa wamekubaliana kula, wala hawakuamka kula daku. Wakaketi. Kocha naye akaketi. Alikuwa anaweza kufunga, yeye havuti kamba. Lakini alijua kwamba akifunga yeye, hakuna atakayethubutu kula. Akamega chapati mbele yao wote, akaila. Nasema kweli, mtu ambaye hajala mchana wa Ramadhani tangu ujana wake ila kwa ugonjwa, kipande kile cha kwanza hakishuki kirahisi.

Ndipo mtu wa mwisho akatokea mlangoni. Kofia kichwani, tasbihi mkononi. Akawatazama mmoja mmoja.

"Kuleni, kuleni," akasema. "Imani hailingani."

Kisha akakaa kwenye kiti cha pembeni, akaendelea kuvuta tasbihi pale wanapomwona.

Wawili kati ya wale watano wakasukuma sahani. Mmoja alikuwa na kipande cha chapati kimefika mdomoni, akakirudisha. Kocha akawaambia, "Kuleni, wanangu, mna ruhusa." Wakasema wameshiba. Wameshiba nini? Hawakula daku. Hawakuweka nia usiku. Walitoka mezani na njaa, wala si saumu. Ile ilikuwa aibu tu, na mtu mmoja ndiye aliyewatia. Kocha alitamani kuigonga meza. Asubuhi yote alikuwa na hasira ambayo hakuwa na pa kuitua, na nusu yake ilikuwa juu ya nafsi yake.

Saa saba wakashika kamba. Jua mnalijua. Uwanja ulikuwa wa vumbi na pande zote watu wamejaa mpaka juu ya ukuta.

Mvuto wa kwanza waliuchukua wao. Dakika moja haikutimia, kitambaa kimevuka, kiwanda cha magunia mvuto mmoja bila. Mtu wa mwisho akanyanyua mikono kwa mashabiki. Kocha akamwambia kaa kivulini, usipoteze pumzi. Hakukaa.

Mvuto wa pili waliupoteza. Wale wawili walioacha chapati ndio waliokuwa wa kwanza kulegea magoti, mmoja akateleza, na timu iliyoteleza hairudi. Sare, mvuto mmoja kila upande.

Ukabaki mvuto wa tatu. Kocha alimsogelea mtu wa mwisho, akamshika bega, akaona ngozi imekauka. Hatoki jasho tena. Kocha aliijua dalili ile ya mwili ulioishiwa maji.

"Toka," akamwambia taratibu, wasisikie wengine. "Umefanya sehemu yako. Mwachie mwenzako."

"Watu wananiona kocha," akasema. "Nikitoka sasa watasema nini?"

Mwamuzi alikuwa anaita. Kocha akatazama benchi, fundi wa kusokota alikuwa ameshasimama na kufunga viatu. Akatazama jukwaa. Na mara ya pili, ndugu zangu, kwa hofu ileile ya maneno, kocha akarudi nyuma bila kumtoa.

Walivuta dakika nne. Waliokuwepo hawakuwahi kuona mvuto kama ule. Kitambaa kilisogea upande wao polepole, kidole, vidole viwili, mpaka ikabaki shubiri moja kufika mstari. Kocha alikuwa amepiga magoti pembeni ya kamba, hana sauti tena. Shubiri moja, miaka kumi na mitatu, na mbele hakuna mwaka mwingine.

Mtu wa mwisho akaanguka.

Hakulegea kwanza, alianguka tu kama gunia lililokatwa uzi. Kamba ikafyatuka kutoka begani kwake, ikapita katika viganja vya yule mfupi wa mbele yake ikavichuna ngozi, na saba waliobaki wakaburutwa kifudifudi mpaka upande wa pili.

Kocha hakutazama kitambaa. Alimkimbilia yule mtu, akamgeuza ubavu, akamwagia maji kichwani, na alipofumbua macho akampa chupa. Akanywa. Akanywa na ya pili, na soda juu yake. Na alifanya sawa kabisa, mtu akihofia uhai wake anafungua, wala hana dhambi. Hilo halina ubishi.

Lakini sikilizeni watu walivyosema.

"Kumbe alikuwa amefunga?"

"Amefunga, na amevuta mitatu."

"Mashaallah. Huyo ndiye Mwislamu."

Simu zikatolewa. Yule bwana alikaa kitako, akajifuta mdomo, akaiweka kofia yake sawa, akapigwa picha. Kando yake mtu wa viganja vilivyochunika alikuwa amekunja mikono kifuani huku damu inamchirizika, wala hakuna aliyempiga picha. Kocha alimfunga vitambaa mwenyewe. Njiani kurudi alivibadilisha mara mbili.

Mnajua habari zinavyokimbia kuliko gari. Walipofika, msikiti mzima ulishajua. Mtu wa mwisho akawekwa safu ya mbele, akasimulia, akasimulia tena. Na kocha? Kocha wakampa jina. Wakamwita kobe. Mnalijua jina hilo, ndilo wanalopewa wale wanaojificha kula mchana. Yeye alikula mezani mlango uko wazi, kwa ruhusa ya Mola wake, na bado akaitwa kobe na watu waliokuwa wamelala siku ile mpaka saa nane. Alilisikia mara mbili nyuma ya mgongo wake. Liliuma. Akaendelea kusali mahali pake pa siku zote.

Ramadhani ikaisha. Idi ikapita, Mfunguo Mosi ukapita. Ukaingia Mfunguo Pili, wakati wa mvua na baridi, siku fupi. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kocha kiwandani. Siku ya Alhamisi alikuwa ameketi benchi la nje ya kantini, saa ya chakula cha mchana, hana sahani. Ndani watu walikuwa wanakula wali na maharage. Mtu wa mwisho akatoka na sahani mbili, moja kila mkono, akaketi karibu naye. Hakuwa mtu mwovu, lazima tuseme haki. Alikuwa amekuja kupatana.

"Kula, kocha. Nimekuletea. Naona bado una kinyongo na mimi."

"Sina kinyongo. Sili leo."

"Unaumwa?"

"Nalipa siku yangu. Ile ya fainali."

Yule bwana akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana. Ndiyo taabu ya kula. Bora ungejikaza siku ileile, ukaifunga pamoja na watu."

Kocha akamtazama.

"Na wewe je?" akamuuliza. "Ulikunywa maji pale chini. Ulikuwa na haki ya kuyanywa. Lakini siku ile haikutimia. Umeshaifunga?"

Mtu wa mwisho aliweka kijiko chini. Alionekana amepigwa na butwaa, kama mtu aliyeambiwa abebe kiwanda kizima peke yake.

"Sasa hivi?" akasema. "Kocha, nifunge peke yangu, na watu wote wanakula?"

Akaila sahani yake. Na kwa kuwa kocha hakuigusa ile nyingine, akaila na ile.

Mlikuwa mnacheka tangu mwanzo, sasa mnatazama mkeka.

Ndugu zangu, mtu huyu aliweza kukaa bila maji juani, kamba mgongoni, mpaka akazimia. Hakushindwa na kiu. Akashindwa na siku moja fupi ya baridi, amekaa benchini, hana kazi nzito, kwa sababu tu hapakuwa na macho. Sasa niambieni, ile ya uwanjani alimfungia nani? Na mwili wake, ule mwili mkubwa aliokuwa anatutangazia kwamba unateseka kwa ajili ya Mungu, ulikuwa unateseka kwa ajili ya nani?

Saumu haikumpunguzia nguvu kocha. Haikuwapunguzia nguvu wale waliopanga maji yao na usingizi wao wakavuta mwezi mzima bila kunung'unika. Mwili wa mja unaweza kufunga, aliyeuumba anaujua, na pale unapochoka ameshatoa ruhusa. Sisi ndio tunaoongeza uzito. Tunafunga, halafu tunataka mke aibebe saumu yetu, mteja aibebe, wafanyakazi wenzetu waibebe. Halafu ruhusa aliyoitoa Mungu kwa mgonjwa, kwa msafiri, kwa mama anayenyonyesha, sisi tunasimama mlangoni na tasbihi kuwaambia imani hailingani. Nani katutuma? Umemwona dada wa watu anakunywa dawa mchana, unamtolea macho ya nini? Na wewe uliyemwita mtu kobe mwaka huu, una hakika ungemwita hivyo mbele ya aliyempa ruhusa?

Na sisi tunaoujua ukweli tusiuseme, tusijidanganye. Kocha naye alikuwa na macho ya watu shingoni. Alijua la haki mara mbili, stooni na uwanjani, na mara mbili akaogopa watasema nini, na mtu akaumia viganja kwa hofu yake. Kikombe nacho kikaenda. Alistaafu bila hicho kikombe.

Sasa swali langu ni moja, kisha nawaacha. Ni nani humu ndani ana siku za mwaka jana ambazo hajazilipa mpaka leo? Ulisafiri, uliumwa, ulifungua, ukasema nitafunga baada ya Idi, na Idi mbili zimepita?

Shusha mkono, ndugu yangu. Sikusema mnyooshe mikono. Tukinyoosha mikono tutakuwa tumerudi kulekule uwanjani. Siku yako unaijua wewe na anayekudai. Chagua Jumatatu moja ya baridi baada ya mwezi huu, usimwambie mtu, usipunguze kazi, usinune, na mtu akikuletea sahani mwambie asante.

Haya, jua linashuka. Nendeni makwenu. Na ukifika usikae barazani ukamwita mkeo kumwambia una njaa. Yeye naye amefunga, na yuko jikoni tangu saa tisa.